Nyumba ikienda mnadani: kipi uondoke nacho, kipi ukiache

USIKU wa kuamkia mnada, mjomba wangu aliita fundi. Walikuwa na nyundo mbili, msumeno wa chuma na tochi moja. Hadi adhana ya alfajiri inasikika, nyumba yake ya Isevya, mjini Tabora, ilikuwa imebaki matundu. Milango minne ya mninga ilikuwa imetolewa pamoja na fremu zake, grili za madirisha zimekatwa, sinki la jikoni limeng'olewa, nyaya za umeme zimevutwa kutoka ukutani na mabati ya jiko la nje yameshushwa. Fundi alichukua vyote kwa shilingi 900,000, na palepale akakata ujira wake.

Mjomba hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga na karanga, mmoja wa wale ambao wakati wa mavuno hulala juu ya magunia yao. Msimu mmoja alinunua mpunga kwa bei ya juu, kwa fedha ya mkopo, bei ikashuka kabla hajauza, na marejesho yakamshinda. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alibomoa nyumba usiku, alinijibu hivi: "Mpwa wangu, mimi niliweka rehani nyumba. Sikuweka milango. Milango nilinunua mwenyewe kwa fedha yangu."

Tangu hapo jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi, mijini na vijijini, na wengine ni wasomi. Kwa kuwa mikopo ya dhamana ya nyumba imeshawafikia wenye maduka, wenye mashine za kusaga na wakulima wa tumbaku, ni vizuri tukae chini tulitazame jambo hili kwa makini. Je, mtu ambaye nyumba yake inakaribia kuuzwa kwa deni anaruhusiwa kisheria kuondoka na nini?

Kwanza tuwe waungwana kwa mjomba. Fikra yake haikutoka hewani. Kwa miaka mingi Watanzania tulifundishwa kwamba ardhi ni ya umma na kwamba ardhi tupu haina bei. Ulipouza kiwanja, kilichouzwa ni "maendelezo", yaani nyumba, miti na kisima. Mzee aliyekua katika utaratibu huo alijua kwamba chake hasa ni kile alichokijenga kwa jasho lake, tofali kwa tofali, bati kwa bati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, iliitambua ardhi yenyewe kuwa na thamani. Ardhi imebaki kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, nasi tuna haki ya kuimiliki kwa muda. Lakini fikra ya zamani kwamba nyumba ni mkusanyiko wa vifaa vya mwenye nyumba haikufutika kwa sababu Bunge lilipitisha sheria.

Hata wenzetu wa Zanzibar wana jadi inayokaribiana na fikra hiyo. Kule, kwa muda mrefu, mtu aliweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine, na miti hiyo ikauzwa au kuwekwa rehani peke yake bila udongo uliochini yake. Wakopeshaji waliokuwa wakiwapa fedha wenye mashamba ya karafuu waliujua utaratibu huo vizuri.

Sheria ya Bara haikufuata njia hiyo. Inapoeleza maana ya neno ardhi, Sheria ya Ardhi inataja uso wa nchi na kilicho chini yake isipokuwa madini na mafuta, vitu vinavyoota juu yake kwa asili, pamoja na majengo na vitu vingine vilivyojengewa hapo kwa kudumu. Kwa hiyo mtu anaposaini hati ya rehani, hata kama hati hiyo imetaja namba ya kiwanja tu, ameshaweka rehani kila kilichojengewa kwenye kiwanja hicho. Mlango hauhitaji kutajwa, kwa sababu ukishafungwa kwenye fremu na fremu ikashikwa na ukuta, mlango huo ni sehemu ya nyumba.

Sasa ugumu unaanzia kwenye maneno "kwa kudumu". Nani anaamua kwamba kitu kimejengewa kwa kudumu? Hapa mahakama zetu zinarithi kanuni za Uingereza zilizopokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na kanuni hizo zina maswali mawili makubwa. La kwanza: kitu kimeshikiliwaje, na je, kukitoa kutaharibu jengo? La pili, ambalo siku hizi ndilo lenye uzito zaidi: kiliwekwa hapo kwa ajili gani? Kiliwekwa ili jengo liwe bora na litumike ipasavyo, au kiliwekwa ili mtu akitumie kitu chenyewe kwa raha zake?

Kesi inayofundishwa kwenye vyuo vya sheria ni ya mwaka 1872, Holland dhidi ya Hodgson. Mwenye kiwanda cha nguo huko Halifax, Uingereza, alikuwa amekiweka rehani. Mitambo yake ya kufuma ilikuwa imepigiliwa misumari tu kwenye sakafu. Alipofilisika ukazuka ubishi: mitambo ni ya mwenye rehani au ya wadai wengine? Mahakama ilisema ni ya mwenye rehani, kwa sababu ilishikamanishwa na jengo ili jengo litumike kama kiwanda. Jaji Blackburn alitoa mfano ambao mkulima yeyote ataushika. Mawe yaliyopangwa kuwa ukuta, hata bila udongo wa kuyashika, ni sehemu ya ardhi. Mawe yaleyale yakiwa yamerundikwa kwenye uwanja wa mjenzi yakisubiri mnunuzi, ni bidhaa. Kwetu sema tofali: zilizo ukutani ni nyumba, zilizo kwenye tanuru nyuma ya nyumba ni mali yako, ziuze.

Wenye mashine za kusaga na kukoboa waisikilize vizuri kesi nyingine, ya mwaka 1904, Reynolds dhidi ya Ashby. Mashine zilikuwa zimefungwa kwa bolti na nati kwenye zege la sakafu ya kiwanda kilichowekwa rehani. Zaidi ya hapo, mwenye kiwanda alikuwa hajamaliza hata kuzilipia, alizichukua kwa malipo ya awamu. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema mwenye rehani ana haki nazo, na muuzaji wa mashine akaondoka mikono mitupu. Ukitazama mashine za unga zilizopo Nzega, Urambo au Kaliua utaona picha ileile, yaani zege, bolti nne, mkanda na mota. Ikiwa banda lile liko kwenye kiwanja ulichokiweka rehani, usije ukadhani kwamba kufungua bolti usiku kunaigeuza mashine kuwa mali ya kubeba. Na haijalishi kwamba uliifunga miezi sita baada ya kusaini mkopo. Kinachojengewa baada ya rehani nacho kinaingia ndani ya rehani.

Je, ndani ya nyumba ya kuishi hali ikoje? Bahati nzuri ipo kesi moja inayozungumzia hasa suala letu, Botham dhidi ya benki ya TSB, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1996. Benki ilikuwa imeiuza nyumba ya mkopaji jijini London, wakabishania zaidi ya vitu mia moja, kimoja baada ya kingine, hadi vishikio vya taulo. Hukumu hiyo haizibani mahakama za Tanzania, lakini inaonyesha njia. Mazulia na mapazia yaliachwa kwa mkopaji, ingawa zulia lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha chumba. Jokofu na mashine ya kufulia, vilivyosimama kwa uzito wake na kuunganishwa kwa waya na mpira wa maji tu, vilikuwa vyake pia. Bomba za bafuni, sinki na makabati ya jikoni yaliyojengewa ukutani vilikwenda na nyumba.

Tukihamishia hapa kwetu, vitanda, magodoro, makochi, meza, kabati la nguo linalosimama lenyewe, televisheni, friji, jiko la gesi na mtungi wake, vyombo vya jikoni, cherehani, baiskeli, pikipiki, nguo, vitabu, picha za ukutani na mapazia, vyote hivyo ni vyako. Benki iliyoshika rehani ya nyumba haina haki navyo kwa sababu tu vimo ndani ya nyumba hiyo. Dalali akifunga mlango kwa kufuli na kukuzuia kutoa godoro la watoto, amevuka mpaka, na unaweza kumdai.

Milango, madirisha na vioo vyake, grili, geti, vitasa vilivyofungwa, dari, vigae, mabati, mbao za paa, nyaya zilizo ukutani, swichi na soketi, masinki, choo, mabomba ya maji, uzio wa tofali, kisima na mashimo ya maji taka, hivyo ni nyumba. Ni hivyohivyo hata kama mlango ni wa nakshi ulionunuliwa kwa bei ya ng'ombe watatu. Tabora ni mji wa milango. Katika nyumba za zamani za wafanyabiashara wa misafara, kama lile tembe la Kwihara alikofikia Livingstone mwaka 1872, mlango ndio uliobeba heshima ya mwenye nyumba. Sheria haiangalii heshima, inaangalia bawaba.

Katikati hapo kuna vitu vya ubishi, nami sitamdanganya msomaji kwamba vina jibu moja. Tangi la maji la plastiki lililokaa juu ya mnara wa matofali kwa uzito wake ni rahisi kulitetea kuwa la kubebeka, lakini mnara ni nyumba, na kama tangi ndilo pekee linalolisha mabomba yote ya ndani benki inaweza kubisha. Sola iliyoegeshwa uani ni yako. Iliyofungwa kwa bolti kwenye paa na kuwasha nyumba nzima ina ubishi, na kama bado unailipia kwa awamu basi soma mkataba, maana huenda bado ni ya kampuni. Dishi la televisheni, feni ya dari, kiyoyozi, jenereta iliyokaa kwenye zege, vyote ni vya kuuliza kwanza. Njia nyepesi ya kupima ni kutafuta ripoti ya mthamini aliyekuja wakati unaomba mkopo. Kama alikihesabu kitu hicho kwenye thamani ya nyumba, basi ulikopeshwa fedha kwa ajili yake, na itakuwa vigumu kusimama mahakamani ukasema hakikuwemo.

Kwa upande wa shamba, maswali ni mengi zaidi na watu huyauliza kidogo. Bani la kukaushia tumbaku ya mvuke lililojengwa kwa tofali ni sehemu ya ardhi. Mabomba ya bati yanayopitisha moto ndani yake ningeyaweka humohumo, kwa kuwa bani bila mabomba ni chumba tu. Vijiti vya kufungia majani, mizani, turubai, toroli na pampu ya kunyunyizia dawa ni vyako. Mizinga ya nyuki inayoning'inia mitini ni mali ya kubeba, iwe ya magome au ya mbao, ingawa mti wenyewe si wa kukata. Miembe, michungwa na mikorosho ni ardhi. Mtu anayekata miembe yake kuchoma mkaa kabla ya mnada anakata dhamana ya benki, na hati nyingi za rehani zimemfunga mkopaji kutunza majengo na ardhi visiharibike.

Mazao yana utaratibu wake. Yaliyokwisha vunwa na kuwekwa ghalani ni yako. Yaliyo shambani unaweza kuendelea kuyavuna maadamu bado wewe ndiye unayeshikilia shamba, lakini ardhi ikishachukuliwa au kuuzwa huku mahindi yamesimama, yataondoka na ardhi. Hivyo mkulima mwenye notisi mkononi ahesabu majuma na mvua pamoja. Na wenzangu wa tumbaku wasisahau kwamba hata majani yaliyokauka bado yanadaiwa pembejeo na chama cha msingi, kwa hiyo kuyaokoa kutoka kwa benki na kuyauza pembeni ni kuhamisha kesi, si kuimaliza.

Vipo pia vitu ambavyo si vyako wala si vya benki. Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO, na ya maji ni ya mamlaka ya maji. Kuing'oa ni kujitafutia kosa jingine kabisa. Mpangaji wa fremu ya duka aliyefunga mashubaka na kaunta kwa ajili ya biashara yake, kwa kanuni za zamani ana haki ya kuviondoa kabla upangaji wake haujaisha, bila kuacha ukuta umebomoka. Jambo la ajabu ni kwamba kanuni hizo hazikumpa mkulima mpangaji upendeleo huo. Katika kesi ya Elwes dhidi ya Maw ya mwaka 1802, mpangaji wa shamba alijenga zizi, karakana na banda la mikokoteni kwa fedha yake, akavibomoa alipohama, akashindwa kesi. Waingereza wenyewe walikuja kuirekebisha kwa sheria zao, lakini unayekodi shamba hapa kwetu ni heri uandike kwenye mkataba kwamba banda utakalojenga ni lako.

Halafu kuna mali ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mali binafsi ya kila mwanandoa. Cherehani aliyonunua mama kwa fedha za vikoba haiingii kwenye deni la baba. Na nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani halali bila ridhaa ya mwenzi. Mkopaji anatakiwa kusema ana mwenzi, na benki inatakiwa kuchukua hatua za kuhakikisha. Mke ambaye hakusaini chochote asingoje siku ya mnada ndipo aseme.

Tofauti moja inawachanganya watu na lazima tuiseme. Deni la rehani si sawa na deni la kawaida lililoamuliwa mahakamani. Kwa deni la kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Madai inamlinda mdaiwa. Haziwezi kukamatwa nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na kwa mkulima zana zake za kilimo, mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi. Hata nyumba anayoishi na familia yake inalindwa. Lakini ngao hiyo haikusaidii kwa nyumba uliyoiweka rehani kwa saini yako mwenyewe. Na kwa mikopo midogo ile ambayo watu wameibatiza "kausha damu", mara nyingi umeandikisha friji, televisheni na makochi kuwa ndiyo dhamana. Vikiwa vimeandikwa hivyo, vitu hivyo ambavyo vingekuwa vyako kwenye rehani ya nyumba, huwezi kuvihamisha wala kuviuza kwa siri.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo ninapotafutia ugali wangu. Chukua mfano, namba nimezitunga ili zihesabike kirahisi. Nyumba inaweza kuuzwa shilingi milioni 30 ikiwa nzima. Deni pamoja na gharama za mnada ni milioni 26. Sheria inasema kinachobaki baada ya kulipa kodi zinazodaiwa, gharama na deni ni cha mwenye nyumba, kwa hiyo benki ingekurudishia milioni 4. Wewe unang'oa milango, grili, nyaya na masinki, unauza kwa milioni 1. Mnunuzi anayefika mnadani haoni upungufu wa milioni 1. Anaona milango mipya, fundi, saruji ya kuziba, umeme wa kuanza upya, na wasiwasi wa yasiyoonekana. Anatoa milioni 23. Milioni 4 zako zimeyeyuka, na benki bado inakudai milioni 3. Ile milioni 1 ya fundi imekugharimu milioni 7.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Mlango uliofungwa una bei ya mlango, fremu, kazi ya kuufunga na amani ya anayelala ndani. Ukishang'olewa unabaki na bei ya mbao iliyotumika, tena anayeinunua anajua umekuja usiku. Nyaya zilizovutwa ukutani zinauzwa kwa kilo. Mabati yaliyotobolewa misumari yanaezekea banda la kuku.

Hapo sijataja upande wa jinai. Kabla ya mnada, benki inaweza kukudai fidia kwa kuharibu dhamana. Nyundo ikigonga ukuta uliokwisha uzwa, ni mali ya mtu mwingine unayoiharibu, na Polisi hawataanza kwa kuuliza nani alinunua milango.

Badala ya usiku mmoja wa nyundo, mkopaji ana siku 60. Sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, iliyorekebisha Sheria ya Ardhi, inaitaka benki ikupe notisi ya maandishi inayoeleza umekosa nini na kiasi gani, na siku 60 zipite tangu uipokee kabla haijaanza kuuza. Andika tarehe uliyopokea kwenye bahasha, mbele ya shahidi. Mpaka mnada ufanyike bado unaweza kulipa deni na kuikomboa nyumba. Mtu ambaye haoni pa kupata fedha anaweza kukubaliana na benki atafute mnunuzi mwenyewe. Nyumba inayotembezwa na mwenyewe, yenye milango na mapazia na chai mezani, hupata bei ambayo dalali na spika yake hawapati.

Ikibidi mnada, benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana wakati huo. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba haikutimiza wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Mjomba angeweza kuitumia silaha hii, lakini aliivunja mwenyewe. Unamlaumuje muuzaji kwa bei mbaya ya nyumba isiyo na milango?

Sheria ya Madalali, ya tangu mwaka 1928, inataka tangazo la siku 14 kwa mnada wa ardhi, katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe, na litolewe pia kwa njia inayoeleweka na watu wasiosoma. Tangazo likikosekana, au notisi haikufika, kimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu iliyopo hapohapo Tabora kwa mashauri makubwa, na ufanye hivyo kabla ya mnada. Baada ya mauzo, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, na mara nyingi utakachobaki nacho ni kudai fidia ya fedha.

Kwa vitu vya kubeba, usingoje siku ya dalali. Viorodheshe kwenye daftari, chumba kwa chumba, vipige picha kwa simu, orodha ipelekee benki nakala na ubaki na yako iliyogongwa mhuri. Kwa vile vya ubishi, kama tangi na sola, andika barua ukiomba kuviondoa kwa gharama zako na kuziba matundu. Mara nyingi meneja mikopo hana hamu ya kugombania tangi, anataka nyumba iuzike. Akikataa, una barua ya kumwonyesha mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Ukihama, hama mchana, majirani na mwenyekiti wa mtaa wakiona. Kinachotoka mchana hakihitaji kuelezwa sana.

Mjomba alipokea barua ya salio miezi minne baada ya mnada. Tulikaa naye kwenye baraza la nyumba ya kupanga, nikamsomea. Aliniuliza kama fundi naye anadaiwa. Nikamwambia hapana, fundi alilipa fedha taslimu. Tulikwenda naye benki, tukakubaliana awamu za kila mwezi, na kwa misimu miwili ya karanga alimaliza. Kitanda chake cha mninga, alichokiacha ndani ya nyumba usiku ule kwa haraka ya kubeba milango, hakukiona tena.